Vidole vinagoma stejini? Usipambane na woga, ufanyie mazoezi

Wanaokuja kwetu kujifunza muziki jioni wakitoka kazini wengi wanauliza hilihili, mwalimu mbona nyumbani napiga freshi ila nikisimama mbele za watu kila kitu kinapotea? Ni adrenalini hiyo, homoni ya mshtuko. Mwili umeona hatari, moyo unaenda mbio, mate yanakauka, vidole vinapoa, na kila mtu inamkamata pake: mpiga fidla upinde unarukaruka kwenye noti ndefu ya polepole, mwimbaji pumzi inakata katikati ya mstari. Hata mastaa yanawakuta, mwimbaji wa Marekani Barbra Streisand alisahau maneno ya nyimbo mbele ya umati Central Park, New York, mwaka 1967, akakaa miaka mingi bila kufanya shoo za kulipia.

Sasa wengi wanajiambia tulia, tulia. Haisaidii sana, mwili ukishapanda haushuki kwa amri. Mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, kwenye utafiti uliotoka 2014 aliwaimbisha watu karaoke, waliotamka kwanza kwamba wana mzuka wakaimba vizuri kuliko waliotamka kwamba wana wasiwasi.

Sisi tunachowapa wanafunzi ni hiki: ruka kamba au panda ngazi mbio mpaka moyo udunde, halafu hapohapo shika udi wako upige wimbo mzima, ukikosea usirudi nyuma, unasonga tu. Ukizoea washa kamera ya simu, kisha waite majirani wawili watatu, kwaya ndo baadaye. Halafu weka vituo kwenye wimbo, sehemu nne au tano unazoweza kuanzia bila kufikiri, maana wengi wetu tunajua kuanza mwanzo tu, ukipotea beti ya tatu ndo basi tena umekwisha. Ukisubiri kuitwa, vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu mpaka sita.

Kuhusu vidonge, kuna hii propranolol ya presha na moyo ambayo wengine wanaazimana nyuma ya jukwaa kama peremende. Acheni jamani. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya, na hata asiye na pumu aandikiwe na daktari. Pombe nayo mkono utaacha kutetemeka kidogo lakini sikio linalewa pia, unatoka nje ya ufunguo, yaani sauti haiendani na wimbo, huku unajiona umeua, video ndo inakuja kukuumbua kesho yake.