Gundi nyingi haishikishi meno ya bandia, jamani

Juzi tena. Mama mmoja wa Marangu, mtu mzima wa heshima zake, kashuka na daladala mpaka hapa Moshi mjini kwa sababu meno ya juu yalimdondokea kwenye mtori mbele ya wakwe. Nikamwambia mama fungua mdomo nione, kutoa ile pleti inayobeba meno nakuta gundi imejaa kama uji uliolala. "Nimeongeza daktari, ila ndo yanazidi kucheza." Yanacheza kwa sababu umeongeza, mama yangu.

Hii ya kwamba gundi ikiwa nyingi ndo inashika naisikia kila wiki na imenichosha kweli. Meno ya juu yanabebwa na utando mwembamba sana wa mate kati ya akriliki, yaani plastiki ya pleti, na kaakaa, na mate yana zile protini ndefu za utelezi, myusini, zinazolowesha pande zote mbili, sasa ili pleti iachie lazima mate mengine yaingie kutokea pembeni yapite kwenye kinafasi chembamba, na hayapiti haraka. Mwanafizikia Josef Stefan aliliandika hili mwaka 1874 kwa mabamba mawili yenye kimiminika katikati: unene wa utando ukipungua nusu, nguvu ya kuyatenganisha kwa mwendo uleule inapanda mara 8. Mara 8! Na wewe ukiunenepesha mara mbili unabaki na moja ya nane.

Mezani nina vile vioo viwili vidogo vya maabara, nikaweka tone moja la maji katikati nikavibana nikamwambia haya mama, vitenganishe kwa kuvuta. Alivuta mpaka akaniangalia. Vikakauka, nikapaka gundi yake, nene kama alivyozoea, vikaachana taratibu vinavuta nyuzi na gundi ikabaki kwenye vioo vyote viwili, yaani haikubanduka kwenye kioo, imechanika yenyewe katikati. Ndicho kinachotokea mdomoni.

Gundi yenyewe mara nyingi ni aina ya selulosi inayovimba ikikutana na mate. Vidoti vitatu, kila kimoja kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kwenye pleti safi, basi. Kama hiyo haitoshi tatizo ni nafasi: ukishang'oa meno mfupa wa taya unaendelea kupungua, haraka zaidi mwaka wa kwanza, pleti inabaki vilevile. Njoo tuiongezee akriliki upande wa ndani ifuate fizi zako za leo, acha kununua tyubu.

Meno ya chini nayo mtu ananilalamikia mbona hayashiki kama ya juu. Hayawezi, hayana kaakaa la kukalia, eneo dogo afu ulimi unayasukuma siku nzima.

Mdomo mkavu ni shida ya kweli, baadhi ya dawa za presha zinakausha mate, usiziache ila uniambie, kunywa maji na lowesha pleti kabla ya kuivaa.

Kulala nayo hapana. Iloweke kwenye maji ya kawaida, ya moto yanapinda akriliki na ikishapinda ule utando mwembamba hamna tena. Na supaglu msithubutu, hata kwa ufa mdogo, vipande vikikaa pembeni hata kwa unene wa karatasi pleti nzima inakaa upande, leteni vyote viwili kwenye mfuko tutengeneze.