Haibiskasi ya manjano: kichaka cha maua ya siku moja

Mtu akitaja haibiskasi ya manjano ya bustanini, mara nyingi anamaanisha Hibiscus rosa-sinensis, au chotara wake, anayetoa maua ya njano badala ya yale mekundu yaliyozoeleka. Ndugu yake wa karibu unamjua: bamia. Lichunguze ua la bamia asubuhi, uone petali tano laini za njano na moyo wa rangi ya damu ya mzee. La haibiskasi ni kubwa zaidi, na katikati huchomoza kijiti kirefu chenye chavua ubavuni na vichwa vitano vidogo kileleni.

Ua hilo hufunguka asubuhi na kufikia jioni limesinyaa. Aina chache hufika siku ya pili. Kwa hiyo kichaka kizuri ni kile chenye matumba mengi yanayopokezana, na matumba hutoka kwenye chipukizi jipya tu. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaogopa mkasi. Tawi lililoachwa lirefuke huchanua nchani peke yake, lakini ukilikata juu kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapoota, litatoa machipukizi mawili matatu, kila moja na matumba yake. Utakaa miezi kadhaa bila maua. Vumilia, inalipa.

Kipe jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku, na udongo wa mboji usiotuamisha maji. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi kinaumia, hivyo penye baridi panda kichaka chako kwenye chungu ili ukiingize ndani. Mbolea zenye fosforasi nyingi, zinazosifiwa kwa kuleta maua, hazikifai, kinapenda potasiamu.

Matumba yakidondoka kabla ya kufunguka, huenda kiu au maji ya kupita kiasi ndiyo sababu. Ila kwanza pasua moja kwa ukucha: ukikuta vijidudu vyembamba kama uzi vikikimbia, hao ni vithiripi. Majani machanga yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, mmea haupati chuma cha kutosha, jambo la kawaida kwenye udongo wenye chokaa.

Mbegu usizitegemee, kwani mche wa chotara unaweza kuchanua rangi nyingine kabisa. Chukua kipande cha tawi cha sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Kikishika mizizi, kitakupa njano ile ile ya mama yake.