Shajara ya maumivu kwenye simu: madaktari wanaionaje?

Daktari akiniuliza "mwezi huu umeumwaje?", si namjibu tu?

Unamjibu, lakini kumbukumbu ya maumivu hudanganya. Ukifika kliniki siku mgongo umetulia, zile wiki mbili za kukesha unazieleza kwa wepesi. Ukifika unaumwa, mwezi mzima unaonekana mbaya. Ndiyo maana madaktari wengi wa maumivu sugu hupenda uandike siku ileile: panauma wapi, kiasi gani kati ya 0 na 10, umemeza nini, umelalaje.

Daftari halitoshi?

Linatosha, ukiliandika kwa wakati. Tabu iko hapo. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 80 wenye maumivu sugu. Baadhi walipewa karatasi ndani ya jalada lililofichwa kihisi cha mwanga, kikirekodi kila lilipofunguliwa. Kwa karatasi walizorudisha, 90% ya taarifa zilijazwa kwa wakati. Kihisi kilionyesha 11% tu. Waliotumia kifaa cha elektroniki walifikia 94%. Wale wa karatasi siwaiti waongo. Mtu anaumwa, siku zinampita, kisha anajaza yote kwa mkupuo ili asimwangushe daktari wake.

Kuna kitu shajara hufichua ambacho daktari hakioni?

Kipo, hasa kwa wanaoumwa kichwa. Ukimeza paracetamol siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokuumiza kichwa. Wachache huhesabu siku hizo bila kuandika.

Basi madaktari wote wanaipenda?

La. Wengi hulalamikia muda: dakika chache za kliniki hazitoshi kupitia taarifa za miezi mitatu, na mara nyingi programu haijaunganishwa na mfumo wa hospitali. Wengine huhofia mgonjwa ataandika usiku kwamba maumivu yamefika 9 kati ya 10, akidhani kuna anayesoma. Kwa kawaida hakuna. Kifua kikibana, miguu ikipooza ghafla, au mtoto mwenye selimundu akipumua kwa shida, acha simu, nenda hospitali.

Nimpelekee nini, basi?

Ukurasa mmoja: siku mbaya ngapi, vidonge vingapi, na kazi gani zilikushinda. "Siku nne nilishindwa kuinua ndoo ya maji" humwambia daktari mengi kuliko namba 7 peke yake.