Mizinga 21 mbele ya jumba la Sultani: kusoma salamu za manowari Unguja

Picha nyingi za karne ya 19 zinaonyesha manowari za Kizungu zimetia nanga mbele ya jumba la Sultani wa Zanzibar, na chini yake pameandikwa "ziara ya kirafiki" basi. Maneno hayo hayanishibishi. Mimi hutazama kwanza juu ya mlingoti mkuu, nione bendera gani imepandishwa, kisha hutafuta habari za mizinga: ilipigwa mingapi, nani aliyeanza, nani aliyejibu. Hapo ndipo siasa ilipokuwa. Hotuba na kahawa ya barazani zilifuata baadaye.

Utaratibu ulikuwa hivi. Meli ngeni ikishatia nanga, nahodha hutuma ofisa kwa mashua kwenda kuulizia jambo moja: tukiwasalimu, mtajibu, na kwa idadi ileile? Bila jibu la uhakika hapigwi hata mzinga mmoja, kwa sababu salamu isiyojibiwa ni aibu ya mfalme aliyeituma meli, si ya nahodha peke yake. Jibu likiwa zuri, bendera nyekundu tupu ya Sultani hupandishwa kwenye mlingoti mkuu wa meli na mizinga 21 hulia. Mizinga ya pwani hurudisha mmoja kwa mmoja. Lakini ipo tofauti ambayo wengi huikosea: salamu kwa bendera ya nchi hujibiwa, salamu anayopigiwa mtawala mwenyewe haijibiwi. Ukikuta kumbukumbu inasema meli ilipiga 21 na pwani ikanyamaza, usikimbilie kusema palikuwa na ugomvi. Uliza kwanza walimsalimu nani.

Idadi zilipangwa kwa vyeo, na kwa Waingereza zilikuwa hivi: mfalme 21, balozi mkuu 19, admirali kamili 17, makamu wa admirali 15, admirali wa daraja la chini yake 13, komodoro 11, konseli 7. Zote ni witiri. Mabaharia wa zamani waliihusisha idadi ya shufwa na msiba, kwa hiyo kukosea mzinga mmoja hakukuwa jambo dogo: ukipunguza umemshusha mtu cheo, ukizidisha umemfananisha na mwingine, na hata hesabu yenyewe imeingia nuhusi.

Na kukosea kulikuwa rahisi. Katika jeshi la majini la Uingereza nafasi kati ya mlio na mlio ilikuwa sekunde 5, maana yake salamu ya 21 humalizika kwa dakika 1 na sekunde 40. Mzinga wa kushindiliwa kwa mdomoni hauwezi kupakiwa upya kwa sekunde 5. Kwa hiyo hupigwa kwa zamu: mizinga 6 ikipokezana, kila mmoja una sekunde 30 kabla zamu yake haijarudi. Ndani ya muda huo mtutu lazima usuguliwe kwa mti mrefu wenye manyoya yaliyoloweshwa kichwani, ili cheche zilizobaki zizimike, huku mwenzao ameziba tundu la kuwashia kwa kidole gumba ili hewa isipulizie makaa. Ndipo kifuko cha baruti kinapoingizwa. Risasi haimo, lakini baruti ni baruti: kipande cha kitambaa kinachofuka moto kikibaki ndani, kifuko kipya hulipuka mkononi mwa anayeshindilia. Watu wengi walipoteza mikono, wengine roho, katika salamu za amani. Mzinga mmoja wa akiba hukaa tayari umepakiwa, ili ukigoma mwingine, hesabu isikatike.

Baada ya mizinga huja zawadi, na hapa pana mitego mingi kuliko kwenye baruti. Mwaka 1836 Sultani Seyyid Said bin Sultan alimpa Mfalme William IV wa Uingereza manowari nzima, Liverpool, yenye mizinga 74, iliyoundwa Bombay kwa mbao za msaji. Waingereza wakaibadilisha jina, ikawa Imaum. Naye Seyyid Said akaletewa jahazi la anasa, Prince Regent. Pima mwenyewe: mmoja katoa chombo cha vita, mwingine kamletea chombo cha kutembelea. Halikukaa sana mikononi mwake, likapelekwa India.

Mwaka 1840 meli ya Seyyid Said, Sultana, ilifika New York tarehe 30 Aprili, na mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Na'aman. Ndani mlikuwa na bidhaa za kuuza, pamoja na zawadi za Rais Van Buren, wakiwamo farasi wawili wa Kiarabu. Katiba ya Marekani haimruhusu rais kupokea zawadi ya mtawala wa nje bila idhini ya Bunge. Kuzirudisha kungekuwa tusi, kuzipokea ni kuvunja sheria. Ikabidi Bunge liamue kwamba zichukuliwe na serikali. Wamarekani nao wakaitengeneza Sultana kwenye karakana ya jeshi lao la majini bila malipo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo zawadi iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, kwani meli ile ilihitaji mafundi, haikuhitaji vioo.

Ubaya wa lugha hii ya salamu na zawadi ni kwamba manowari ile ile inayosalimu ndiyo inayotisha. Januari 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, alikuja kwa shughuli zote za heshima kumtaka Seyyid Barghash, Sultani wa wakati huo, akomeshe biashara ya watumwa. Barghash akakataa. Tarehe 5 Juni akatia saini, baada ya kuambiwa kisiwa kitazingirwa na manowari. Tarehe 7 Agosti 1885 ikawa zamu ya Wajerumani: meli za Komodoro Karl Paschen zikajipanga mbele ya jumba, na Barghash akalazimika kufuta malalamiko yake juu ya Usagara, eneo la bara, na jirani zake.

Barghash alikuwa na meli yake, Glasgow, iliyoundwa Scotland mwaka 1878 kwa kuigiza manowari ya Kiingereza ya jina hilohilo. Merikebu zake za awali zilikuwa zimeharibiwa na kimbunga cha 1872. Glasgow ilipewa mizinga midogo 7 na bunduki ya Gatling, ile ya mitutu mingi inayozungushwa, zawadi ya Malkia Victoria, na kwa miaka mingi ilikaa nangani tu.

Tarehe 25 Agosti 1896 Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki. Alasiri hiyohiyo Khalid bin Barghash akajitangaza Sultani, na mizinga ya jumba ikapiga salamu ya kifalme. Kanuni zilifuatwa vizuri sana, ila Waingereza hawakumtambua. Siku mbili baadaye, saa 3 na dakika 2 asubuhi, manowari za Admirali Harry Rawson zikafungua moto. Mabaharia wa Glasgow wakaielekezea St George, manowari ya Rawson mwenyewe, mizinga ile ya zawadi. Glasgow ikazama palepale nangani, maji hayakuifunika yote, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya bandari hadi 1912.