Kosa la 0.036

Wiki nzima niligombana na namba moja. Mchoro wa modeli yangu, ya kukadiria rangi ya nuru ya nyota moja, ulipanda na kushuka sawasawa na vipimo, ila wote ulikaa chini yake kwa 0.036. Nikashuku vipimo. Nikashuku kompyuta, maana umeme ulikuwa umekatika mara mbili. Kumbe mkosaji ni mimi.

Nyota yenyewe ni SS 433, kwenye kundinyota la Ukabu. Mwezi wa Agosti, mnamo saa nne na nusu usiku, hupita karibu na utosi hapa Dodoma, ingawa kwa macho matupu huioni hata ukienda kwenye giza la Kongwa. Ni nyota mbili zinazozungukana kwa siku 13.08. Moja inamnyonya mwenzake gesi, na katikati ya sahani ya gesi hiyo huchomoka jeti mbili, yaani mikondo ya gesi, kila moja upande wake, kwa 0.26 ya kasi ya nuru: karibu kilomita 78,000 kwa sekunde.

Jeti hizo huyumba kama pia ya mtoto inayoanza kuchoka, zikichora duara kwa siku 162 hivi. Ndiyo maana mstari wa nuru ya haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, huhamahama, mara kwenye wekundu, mara kwenye ubuluu:

1 + z = γ(1 − β cos θ)

Hapa z ni kiasi mstari ulivyohama, β ni kasi ya jeti ikilinganishwa na ya nuru, θ ni pembe kati ya jeti na upande wetu, na γ ni kizidishi cha Einstein, 1/√(1 − β²).

Mimi niliifuta γ. Nilijiambia 0.26 ni kasi ndogo, hesabu ya sekondari inatosha. Sasa tazama: mara mbili katika kila duara jeti hukaa ubavu kabisa, hakuna inayokuja wala inayokwenda. Kwa hesabu yangu z ni sifuri. Lakini mistari yote miwili hukutana kwenye nanomita 680! Saa ya kitu chenye mbio hizo huchelewa, na atomi zake tunaziona zikitetemeka polepole. Utamu zaidi: jumlisha z za jeti mbili, gawa kwa mbili, unapata γ − 1 daima, pembe iwe yoyote ile. Kwa β ya 0.26, hiyo ni 0.036. Yaani kile nilichokiita kosa ndicho kipimo cha kasi yenyewe.

Nilipoirudisha γ, yakabaki mawimbi madogo ya siku 6.29: jeti hutikisa kichwa kama abiria anayesinzia kwenye basi, kwa sababu nyota mwenza huivuta sahani mara mbili kila mzunguko. Jaribu mwenyewe: 2/13.08 + 1/162, kisha gawa 1 kwa jibu.