Je, makabaila wote wa Uingereza walikuwa upande wa mfalme?
Wengi huamini kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka Uingereza mwaka 1642 kati ya mfalme na Bunge, makabaila wote walisimama na mfalme. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa wengi wao kweli walimfuata. Hata hivyo, jeshi la Bunge lililopigana mahali paitwapo Edgehill mwezi Oktoba mwaka huohuo liliongozwa na kabaila mwenye cheo cha erli, na manowari za Bunge zilikuwa chini ya erli mwingine. Wote wawili waliachia uongozi mwaka 1645, wakati wajumbe wa mabaraza yote mawili ya Bunge walipotakiwa kuacha vyeo vya kijeshi. Anayetaka kuhakiki na atazame majina ya makamanda wa Edgehill, kisha, jambo ninaloliona muhimu zaidi, aangalie tarehe ya kila barua ya makabaila hao anayoisoma, kwa sababu wapo waliohama upande zaidi ya mara moja.