Je, wajua kwa nini watu huvuka nyika usiku kwenda kuona chombo cha anga kilichotelekezwa?

Ndani ya kituo cha kurushia roketi cha Baikonur, nchini Kazakhstan, kuna banda lenye kimo cha jengo la ghorofa ishirini hivi. Humo vimelala vyombo viwili vya anga vyenye mabawa, vimejaa vumbi na mavi ya ndege. Kimoja kilikaribia kabisa kukamilika. Kingine ni cha majaribio tu, hakikuundwa ili kiruke.

Ni masalia ya mradi wa Buran, jibu la Wasovieti kwa vyombo vya Marekani vya aina hiyo. Tarehe 15 Novemba 1988 Buran ya kwanza ilipaa bila rubani, ikaizunguka dunia mara mbili, ikarudi kutua yenyewe. Haikuruka tena. Umoja wa Kisovieti ulivunjika 1991, fedha zikakatika, na 1993 mradi ukafungwa. Hata ile iliyoruka haipo: Mei 2002 paa la banda lake liliporomoka, likaiponda na kuua wafanyakazi wanane.

Basi vijana kutoka Ulaya na Urusi huvifuata hivyo viwili vilivyobaki. Njia yenyewe si ya mchezo. Baikonur si gofu. Urusi inaikodi kwa dola milioni 115 kwa mwaka, roketi bado zinarushwa, na walinzi wapo. Ila eneo lake ni kubwa, kama mara nne ya kisiwa cha Unguja, na nyika haina ukuta. Wanaojaribu hutembea kilomita 40 hivi usiku, mchana wanajificha, maji yao wameyabeba mgongoni. Hapo kwenye maji ndipo penye balaa, maana kiangazi joto hupita nyuzi 40 na kivuli hakuna. Juni 2024 kijana Mfaransa alifia njiani kwa kuishiwa maji mwilini. Mwenzake alijisalimisha.

Sasa ajabu yake: Baikonur kwenyewe kuna makumbusho yenye Buran nyingine ya majaribio, imepakwa rangi upya, na mtalii mwenye kibali anaingia hadi ndani. Ukitaka kuona umbo la chombo, nenda huko.

Lakini hawa hawafuati umbo. Wanataka kitu ambacho hakuna aliyekipanga kwa ajili ya mtazamaji: vigae vya kuzuia joto vilivyobanduka kimoja kimoja, chumba cha marubani kilichong'olewa vifaa, ngazi na majukwaa ya mafundi yangali yamekizunguka chombo kana kwamba zamu itaingia kesho. Picha za Mrusi mmoja zilizosambaa mwaka 2015 ziliwasha hamu hiyo. Binafsi naielewa, ingawa nisingeinunua kwa chupa ya mwisho ya maji. Wengine hata heshima hawana: mwaka 2021 ubavu wa chombo ulikutwa umechorwa maandishi ya rangi.

Wakati wageni wanavizia usiku, wenyewe wanagombania umiliki. Mfanyabiashara mmoja wa Kazakhstan alidai kile kilichokaribia kukamilika ni mali yake, akasema atawapa Warusi iwapo watarudisha fuvu la Kenesary, khan, yaani mtawala, wa mwisho wa Wakazakh, aliyekatwa kichwa mwaka 1847.